Daftari la Mama Mkwe

Kwa miaka kumi nimekuwa nikinunua vitabu vya mapishi kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika bidhaa zao kando ya njia pale Posta, na kwa miaka hiyo kumi mke wangu amekuwa akiniuliza ni lini nitapika hata chakula kimoja kati ya hivyo. Vitabu vilipofika 62, vikajaa kabatini, vikapanda juu ya jokofu na kuingia hadi chini ya kitanda, niliamua kuvipanga kisomi.

Nilichagua utaratibu wa namba ambao Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi huutumia hadi leo. Jumamosi nzima, mvua ya masika ikipiga bati, nilikata vibandiko, nikaandika namba na kubandika, mpaka nilipoinua kichwa nikabaini kwamba upishi namba yake ni 641.5, na kwamba vitabu vyangu vyote 62 sasa vilikuwa kama mtaa ambao kila nyumba imeandikwa namba ileile. Mke wangu alipita, akatazama, akaguna, akaenda zake jikoni. (Wenye ndoa wanajua kwamba mguno huo una maneno mengi kuliko vitabu vyote hivyo.)

Kwa hasira nikageukia kupunguza. Katika kupunguza huko nilikuta daftari lililong'oka jalada, lisilo na jina la mwandishi, kurasa zake zimelowa mafuta na kunuka hiliki, na vipimo vyake ni vya ajabu: kibaba kimoja, chumvi kiasi, koroga mpaka ujue. Niliona halikidhi vigezo. Nikalitia kwenye boksi pamoja na magazeti ya zamani, nikampelekea mama muuza bagia wa pale kona, kwa kuwa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi kwake ni mali. Alinishukuru kwa bagia tano za bure, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Jioni mke wangu akauliza, "Daftari la mama liko wapi? Kesho anakuja kutoka Tanga, na nilimwahidi kwamba nimelitunza."

Nilifika kona bila kandambili moja. Mama yule alikuwa na habari njema. "Baba, karatasi zako nzuri kweli, hazipitishi mafuta! Zaidi ya nusu zimeshakwenda." Nilipomwomba zilizobaki, akaniuliza kwa upole kwamba yeye sasa atafungia nini, na kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki, nilinunua bagia zote zilizokuwa kwenye karai, mbili mbili, kila jozi ndani ya ukurasa wake. Usiku ule familia yangu ilikula bagia huku ikikausha mapishi ya biriani kwa pasi. Tuliokoa kurasa 19.

Siku ya pili mama mkwe alishuka kwenye basi stendi ya Mbezi Luis, akapanda daladala, na alipofika mtaani kwetu njaa ikamshika pale pale kona. Aliingia sebuleni na kifurushi mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akakifungua, kisha akavaa miwani.

Alisoma ile karatasi kwa muda mrefu. Mke wangu alinitazama mimi, nami nikatazama rafu, ambako kila kitabu kilinijibu 641.5.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema hatimaye. Akamega bagia, akatafuna taratibu, akasoma tena, akatafuna tena. "Hapa niliandika kunde ziloweke usiku kucha, na kitunguu saumu punje sita. Humu hamna hata moja."

Akaikunja karatasi vizuri, akanikabidhi.

"Mwanangu, mrudishie yule mama. Mwambie asome kwanza, ndipo afungie."