Kiongozi asiyeegemea dini anamwogopa nani?

Mikutano ya hadhara mwambao huu wa ziwa, iwe Kirumba hapa Mwanza au kisiwani Ukerewe, hufunguliwa kwa dua. Shehe anasoma yake, mchungaji anafuatia, ndipo mwenyekiti anataja ajenda ya kwanza. Ukisimama hapo useme kiongozi anaweza kujijenga ndani bila kuegemea dini, kwa kukaa kimya peke yake na kuyapima aliyoyatenda siku hiyo, utaulizwa swali moja: huyo sasa anamwogopa nani?

Swali lina uzito. Ila wengi wanaoliuliza hudhani hapa wanatetewa wanaompinga Mungu, na hapo ndipo mjadala huharibika kabla haujaanza. Mtu anaweza kuswali swala tano bila hata siku moja kujiuliza kwa nini asubuhi alimfokea karani wake. Mwingine hana dini, na hujiuliza kila usiku. Kinachozungumzwa ni zoezi hilo la kujihoji, basi.

Februari 1975 Nelson Mandela, akiwa mfungwa Robben Island, alimwandikia mkewe Winnie aliyekuwa gerezani Kroonstad. Alimwambia kuwa selo ni mahali pazuri pa mtu kujifahamu. Tumezoea kujipima kwa cheo, umaarufu, mali na elimu, alisema, lakini kuna vipimo vya ndani vyenye uzito zaidi: ukweli, unyenyekevu, ukarimu, kutokuwa na majivuno. Akamshauri atafakari dakika 15 hivi kila siku kabla ya kulala, na asikate tamaa mwanzoni akiona ngumu. Mandela alilelewa Mmethodisti, lakini dakika hizo hazimdai mtu kadi ya ubatizo.

Dakika 15 hizo ndizo sichoki kuzifikiria. Mfungwa alikuwa nazo tele. Mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi wenyewe cha kulinda rasilimali mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anazitoa wapi? Alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi, wachuuzi wanagombania ndoo, simu haijanyamaza. Mara anaambiwa kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, limekamatwa usiku na mwenyewe ni shemeji wa mjumbe wa kamati. Sheria haina utata: kokoro ni haramu, na sangara wa chini ya sentimita 50 havuliwi. Utata uko kifuani mwa mwenyekiti. Akilizuia lile kokoro, ni kwa sababu ya ziwa, au kwa sababu huyo shemeji alimpinga kwenye uchaguzi, au anataka afisa uvuvi amsifu? Sababu zote tatu huzaa uamuzi uleule, na kwa nje hakuna mvuvi atakayezitofautisha. Leo haina madhara. Madhara yatakuja mwezi ujao, kokoro litakapokuwa la rafiki yake, maana aliyeongozwa na kisasi leo hatakuwa na kitu cha kumshika mkono siku hiyo. Anayeweza kuliona hilo mapema ni yeye peke yake, tena akikaa chini akajiuliza.

Na ziwa lenyewe humpa nafasi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na mwalo unapoa. (Viongozi wengi niwajuao huzitumia siku hizo kwa harusi na vikao vya chama.)

Kuna faida nyingine isiyosemwa. Mwaloni wamo Waislamu, Wakatoliki, Wasabato na wasio na chochote. Mwenye kokoro akikamatwa, neno lake la kwanza ni: mbona yule wa kanisani kwako ulimwacha? Sababu ambayo mwenyekiti ameichuja kwa kujihoji anaweza kuimwaga mbele ya wote. Akisema ameoteshwa baada ya maombi, nusu ya mkutano hana la kuwajibu.

Upande wa pili hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, Mkatoliki wa misa asiyetetereka. Sibishi, imani ilimlisha. Ila ni huyohuyo aliyesisitiza kwamba serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini.

Hoja yao yenye nguvu zaidi wala si ya Mwalimu. Ni kwamba dini humpa kiongozi mtu wa kumkosoa: padri kwenye kitubio, wazee wa kanisa, safu ya swala ambako bega lake linagusana na la mvuvi asiye na mtumbwi. Anayejihoji peke yake hana hao. Mwanafalsafa Seneca wa Roma ya kale aliandika kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akanyamaza, aliipitia siku yake yote bila kujificha lolote. Huyohuyo alikuwa mshauri wa mfalme Nero, akatajirika kupita kiasi, na Nero alipomuua mama yake mwaka 59, mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba Seneca ndiye aliyelaumiwa kwa kuiandika barua ya kumtetea. Mtu akiwa mshtakiwa na hakimu kwa pamoja, kesi huisha haraka.

Lakini dawa ya kasoro hiyo ya Seneca siyo lazima iwe sala, kwa kuwa wanaosali nao tumewaona wakipokea mlungula. Dawa iko mwaloni tayari: daftari lenye orodha ya kila kokoro lililokamatwa, jina la mwenyewe na lilikoishia, likasomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa wavuvi. Mwenyekiti aliyekwisha kujihoji usiku atalisoma bila kuruka mstari. Ambaye hajajihoji ataulizwa na waliokaa kwenye mabenchi, na hao ndio ninaomtaka awaogope, awe ameanza kikao kwa dua au hakuanza nayo.