Woga uliovaa miwani

Nina faili kwenye kompyuta linaloitwa "rasimu ya mwisho". Chini yake lipo "rasimu ya mwisho kabisa", kisha "rasimu ya mwisho kabisa 4". Yote matatu yana aya moja. Ile ile, ila koma imehama.

Kwa miaka nilijidanganya kwamba huo ni umakini. Kumbe ni woga uliovaa miwani. Woga wa mwandishi ni mjanja, hausemi "usiandike". Hukushauri usome kitabu kimoja zaidi kwanza, utafute kichwa kinachovutia, ungoje nyumba itulie. Ushauri mzuri wote, na jioni ukurasa bado mweupe.

Ndiyo maana sina hamu na wanaotuambia "jiamini tu". Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake wenye shahada na vyeo ambao bado walijiona walaghai wanaosubiri kuumbuliwa. Ikiwa shahada haikuiondoa hisia hiyo, sembuse maneno matupu? Naye Franz Kafka, mwandishi ambaye leo anasomwa dunia nzima, alimwachia rafiki yake Max Brod maagizo kwamba akifa, maandishi yake yachomwe bila kusomwa. Alifariki 1924, Brod akakataa kuwasha moto. Basi kama Kafka aliipima kazi yake vibaya kiasi kile, mimi nani hata nijipe ujaji wa makala ambayo haijafika aya ya pili?

Shaka yenyewe siichukii. Ndiyo inayonionyesha sentensi iliyojaa hewa na mfano usioshika. Kosa lake ni kuwahi mno, kama mgeni anayetaka kuonja mchuzi maji hayajachemka. Siku hizi naandika rasimu kwa biro, kwenye daftari la mistari, ili nisiweze kufuta. Nikikwama naandika pembeni "hapa pabaya", nasonga mbele. Shaka naiita kesho yake, na kalamu nyekundu naiachia, ichoke yenyewe.

Makala ya kwanza niliyoiandika hivyo niliituma saa tano usiku, vidole vya baridi, nikazima simu. Asubuhi nilikuta ujumbe mmoja tu. Msomaji alinijulisha kuwa nimeandika "mbele ya hadhari" badala ya "mbele ya hadhara". Nikacheka, maana kwa hali yangu ya usiku ule neno lile halikuwa mbali sana na ukweli. Nikasahihisha, nikafungua daftari.