Abu Basir: jambazi wa njiani au mtu aliyebanwa mpaka ukutani?

Kila ikitajwa suluhu ya Hudaybiya, mkataba wa amani kati ya Waislamu wa Madina na Makuraishi, kabila lililotawala Makka, mwaka wa 6 Hijria (628), lazima mtu atauliza kuhusu Abu Basir, yule aliyekuwa anavamia misafara ya Makuraishi pwani ya Bahari ya Shamu. Kuna wanaosema huyu ni jambazi tu, na kuna wasiotaka hata swali liulizwe. Mimi nasema liulizwe.

Sharti la suluhu lilikuwa mtu wa Makka akikimbilia Madina bila idhini ya wakubwa wake arudishwe. Abu Basir alikuwa kasilimu, wakamfunga, akatoroka, na Makuraishi wakatuma watu wawili, Mtume (s.a.w) akamkabidhi kwao sababu ahadi ni ahadi. Kufika Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya Madina, wakakaa kula tende, Abu Basir akaanza kumsifia mmoja upanga wake, yule akauchomoa kwa majivuno, Abu Basir akasema hebu nione, yule akampa, naye Abu Basir akamuua nao palepale. Mwenzake alitimua mbio mpaka msikitini Madina.

Hapa anayelaumu ana hoja, tena nzito. Mmekaa mnakula pamoja, mtu kakupa silaha yake kwa mkono wake mwenyewe! Lakini jamani, yule hakuwa mwenyeji wake, alikuwa anamrudisha kwenye minyororo, na mfungwa hakuwahi kumuahidi mtu kwamba atatulia.

Na hii ya kusema Madina ilivunja mkataba kwa mlango wa nyuma siikubali. Abu Basir aliporudi Madina hakupokelewa kwa shangwe, Mtume alisema huyu ni mwasha vita lau angepata wa kumsaidia, Abu Basir akaelewa atarudishwa tena akaondoka zake pwani. Abu Jandal, ambaye naye alirudishwa siku ileile ya Hudaybiya akiwa na pingu, akamfuata, na wengine wakazidi kuja. Wakawa wanakatiza njia ya misafara ya kwenda Sham (eneo la Syria), wanaua na kuchukua mali, na sidhani kila aliyeuawa kwenye ile misafara alikuwa mtesaji, hilo linanikaa moyoni.

Ila waliokuja kuomba lile sharti lifutwe ni Makuraishi wenyewe, waliolishikilia kwa nguvu zote! Kwa hiyo anayemtaja leo ili ahalalishe uporaji wake aisome habari yote: barua ya Mtume ya kuwaita Madina ilipofika uvamizi uliisha, na riwaya zinasema ilimkuta Abu Basir anakata roho, akafa ikiwa mkononi mwake, Abu Jandal akamzika hukohuko pwani.