Fundi, niachie nywila zangu

Kiboksi chenyewe ni kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Shangazi yangu alikinunua Toronto kikiwa kimeshatumika, akakiviringisha ndani ya kanga, akampa mtu aliyekuwa anakuja Dar es Salaam, na kutoka Dar kikapanda basi hadi Kigoma. Kilichukua wiki tatu kufika kwa bibi, Ujiji. Mimi nilichukua siku mbili kukifanya kiongee, na katika siku hizo mbili kazi yenyewe haikuzidi saa moja na nusu. Muda wote uliobaki nilikuwa nasaka nywila zilizokuwa kichwani mwa fundi, na fundi mwenyewe hapatikani.

Bibi ana simu ya mezani, ile nzito ya rangi ya maziwa, iliyobaki tangu enzi za laini ya waya. Laini ilikufa siku nyingi, simu ikabaki juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma. Simu janja hazitaki. Vidole vyake vimekauka kwa miaka ya kukamua mawese, na kioo hakivisikii. "Kinanidharau," anasema. Shangazi akaona dawa ni adapta ya simu ya intaneti: upande mmoja unachomeka ile simu ya mezani, upande wa pili waya unakwenda kwenye rauta, sauti inageuzwa data na kusafiri. Akafungua akaunti kwa kampuni ya simu za intaneti kulekule na kuchukua namba ya Toronto, ili yeye na wanawe wapige Ujiji kwa bei ya kupiga mtaa wa pili.

Siku ya kwanza nilianza kwa kukosea kitu cha kitoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kwelikweli, maana soketi pekee iliyokuwa wazi iko nyuma ya kitanda. Kwenye giza lile nikachomeka waya wa simu kwenye tundu la mtandao. Unaingia, usidanganyike. Kichwa cha waya wa simu ni chembamba kuliko tundu, kinapwaya kidogo, na ukilazimisha unaweza kupinda vijiti vya shaba mle ndani. Halafu kuna chaja. Rauta ya bibi inakula volti 12, adapta inakula 5, na vichwa vya chaja zote mbili vinafanana kama mapacha. Ukichanganya, ile ya volti 5 unaweza kuizika. Nilibandika plasta ya kidonda kwenye kila chaja nikaandika kwa kalamu: RAUTA, SIMU.

Taa zikawaka. Nikanyanyua mkono wa simu, na ule mlio mrefu wa zamani ukajaa chumbani. Bibi aliusikia akiwa barazani.

"Mume wangu, imefufuka?"

Haikuwa imefufuka. Mlio ule hutengenezwa na adapta yenyewe. Usikudanganye kwamba umeshafika popote. Adapta inatakiwa kwanza kujisajili kwa kampuni ya akaunti, na ili uiandikie mambo ya akaunti lazima uingie kwenye ukurasa wake kwa anwani ya IP, yaani zile tarakimu zinazokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Anwani hiyo rauta ndiyo inayoigawa. Sasa utaijuaje, kama rauta yenyewe huna nywila yake? Hapa watengenezaji walifikiria vizuri: unaiuliza simu. Kwenye adapta za Grandstream unabonyeza nyota mara tatu, kisha 02. Kwenye zile za kale za Linksys, kama PAP2T, ni nyota mara nne, kisha 110 na alama ya reli. Ya kwetu ilikuwa ya nyota tatu. Sauti ya mwanamke ikaanza kutaja tarakimu kwa Kiingereza, mojamoja, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Nikampa bibi asikie.

"Kuna mzungu humu ndani."

"Ndiyo, bibi. Anatuelekeza nyumba yake."

Nikaandika ile anwani kiganjani na kuiingiza kwenye kivinjari cha simu yangu, iliyokuwa imeunganishwa na WiFi ya bibi. Haifunguki. Nikarudia. Haifunguki. Nusu saa nzima ilipotea hapo, na kosa lilikuwa dogo hadi naona haya kulisema: data ya laini yangu ilikuwa imewashwa. Bando la rauta lilikuwa limekwisha tangu asubuhi, na simu za siku hizi zikiona WiFi haina intaneti huihama kimyakimya na kupita kwenye data yake. Kwa hiyo nilikuwa naitafuta adapta iliyo hatua mbili kutoka nilipoketi kwa kupitia mnara wa simu, na mnara haumjui mpangaji wa chumba cha bibi. Zima data. Andika http:// mbele ya anwani kwa mkono wako, la sivyo kivinjari kinaweza kudhani unatafuta kitu mtandaoni. Nilipofanya hivyo ukurasa ukaja papo hapo, hata bila bando, maana hapo hauendi nje ya nyumba.

Jina: admin. Nywila: admin. Ikakataa. Adapta za miaka ya nyuma zilitoka kiwandani na nywila ya namna hiyo. Nyingi za siku hizi kila moja ina yake, imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Ya kwetu ilikuwa imeshabadilishwa na mwenyewe wa kwanza, huko huko Toronto. Nikabahatisha bahatisha mpaka ikajifunga, ikaniambia nisubiri. Bibi akanivulia pini ya hijabu yake, nikaiingiza kwenye kitundu cha nyuma, nikahesabu hadi saba bila kupumua. Taa zote zikazima, zikarudi. Adapta ikawa mtoto mchanga. Tulikuwa na bahati, nikuambie. Zipo adapta ambazo kampuni zinazifunga zitumike kwao tu, na ukizichokonoa kwa pini hadi kesho bado zitamtafuta bwana wake wa zamani. Kabla ndugu yako hajanunua ya mtumba, muuzaji aseme wazi kama imefunguliwa.

Nikaijazia rauta bando. Mambo ya akaunti alinitumia shangazi kwa WhatsApp: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila. Ikakataa tena, na safari hii kosa lilikuwa la kibodi yake. Ilikuwa imeikuza herufi ya kwanza ya nywila, kama sentensi. Nikairudisha ndogo, taa ya simu ikatulia na kuwa kijani.

Tukapiga. Ikaita, ikapokelewa. Bibi akasema haloo, akangoja. Akasema tena. Kwenye simu yangu ujumbe wa shangazi ukaingia: "Namsikia mama vizuri kabisa!! Mbona hanijibu?" Na bibi ameushika mkono wa simu kwa mikono miwili, ananitazama.

"Kaninyamazia. Nimemkosea nini?"

Hakuwa amekosewa mtu. Huu ndio ugonjwa maarufu kuliko yote wa simu za intaneti, sauti ya njia moja, na mara nyingi mchawi wake ni rauta. Adapta inapopiga, huandika ndani ya ujumbe wake "sauti nileteeni anwani hii", lakini anwani hiyo ni ya ndani ya nyumba, huko nje haina maana. Rauta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG, kilichowekwa ili kusaidia kuibadilisha hiyo anwani njiani. Nia njema, mkono mzito: mara nyingi hicho ndicho kinachoharibu. Unaingia kwenye rauta, unakizima, unawasha upya vifaa vyote viwili, basi. Dakika tatu.

Unaingia kwenye rauta. Kwa nywila ipi?

Ile rauta bibi aliilipia taslimu, na aliyekuja kuifunga alibadilisha nywila ya uongozi akaondoka nayo. Nilimpigia mchana, hapatikani. Jioni akapokea, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nywila huwa hawatoi, ndio utaratibu wao, ila akija ni elfu ishirini. Nikamuuliza utaratibu wa nani? Akasema mtandao unasumbua, hanisikii.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu, na najua baadhi yao watanisoma. Seremala akikuwekea mlango, anakukabidhi funguo. Hakuna seremala Ujiji nzima anayetia funguo mfukoni na kukuambia ukitaka kutoka kwako umpigie. Nimesikia hoja yao, na si ya kipuuzi: wateja wanachokonoa, wanaharibu, halafu wanamwita fundi usiku arudi bure. Ni kweli. Basi andika kwenye karatasi kwamba nikichokonoa utarudi kwa gharama yangu, nitie sahihi. Lakini kunifungia kifaa changu ili nikuhitaji daima, hiyo si huduma. Hiyo ni kunichotea maji kisimani kwangu na kuniuzia.

Kulipokucha nikairudisha rauta kiwandani kwa pini ileile ya hijabu. WiFi ikafa na kufufuka na jina lake la kwenye kibandiko. Niliyoyaona baada ya hapo sikuyatarajia. Chini ya mwembe nje ya ukuta hukaa vijana watatu, kila siku, nilidhani wanapunga upepo. Wote watatu walinyanyua simu zao juu kwa pamoja, kama wanaoomba mvua. Mmoja akasogea mlangoni, kwa adabu zote.

"Shikamoo bibi. Eti WiFi imepata nini leo?"

Sijui kama nywila ya WiFi iliuzwa au iligawiwa, na sikumuuliza kijana. Bibi alikuwa amelalamika miezi kwamba bando la mwezi halifiki siku ya kumi na tano, na wote tulimwambia ni hizo video wajukuu wanazotazama. Simu yenyewe haili kitu: saa nzima ya maongezi, kwa ule usimbaji wa kawaida wa G.711 (namna ya kuigeuza sauti kuwa data), ni kama megabaiti 80 kwenda na kurudi, ukichagua G.729 inashuka hadi kama 28, ingawa sauti inakuwa nyembamba kidogo. Asiye na funguo hana namna ya kujua nani yumo ndani ya nyumba.

Nikaingia kwenye rauta, nikaizima ile SIP ALG. Bibi akapiga tena, na safari hii sikuona haja ya kuuliza kama anasikia, maana alianza kuitikia kwa kile Kiha ambacho mimi nakifuata nusu nusu.

Kulikuwa na donda moja zaidi. Kupiga alikuwa anapiga, lakini shangazi akipiga baada ya muda, haiiti. Rauta zinazotumia laini ya simu ya mkononi, kama hii ya bibi, ziko nyuma ya anwani moja ya nje wanayochangia wateja wengi, na mtandao hufunga mlango uliokaa kimya, wakati mwingine ndani ya dakika moja. Kuhangaika kufungua milango kwenye rauta hakusaidii, kwa kuwa mlango wa nje si wako. Kinachosaidia ni adapta yenyewe kugongagonga: niliiwekea itume ishara kila sekunde 20, na usajili wake nikaufupisha kutoka saa moja hadi dakika chache. Toka hapo inaita.

Umeme ukikatika inakufa, hilo nilimweleza mapema asije akadhani kanyamaziwa tena. Simu ya waya ya zamani ilikuwa inaletewa umeme wake na kituo cha simu kupitia waya uleule. Hii inategemea TANESCO kama feni. Nilimwambia pia 112 asiipige kwa simu hii, kwa sababu namba yake ni ya Canada na msaada wa Toronto hautafika Ujiji. Kile kisimu chake cha vitufe kinabaki kwenye pindo la kanga, palepale.

Kabla sijaondoka nilichukua daftari lake la wadaiwa wa mawese, nikaandika ndani ya jalada kwa herufi kubwa, mistari minne. Nywila ya WiFi. Nywila ya kuingia kwenye rauta. Nywila ya kuingia kwenye adapta. Nywila ya akaunti ya simu. Ni vitu vinne tofauti, na nusu ya kuhangaika kwa watu ni kuweka cha huku kule. Nikamsomea, akanisomea.

Wiki iliyopita yule fundi alipita, sijui nani kamwambia. Akasalimia, akaomba aingie kwenye rauta "aangalie kitu kidogo". Bibi akamkaribisha barazani, akaenda ndani, akarudi na daftari, akakaa nalo mapajani bila kulifungua.

"Ziko nne, baba. Wewe unataka ufunguo upi?"