Uongo Uliobatizwa

Mtu akikudanganya sokoni hakuumizi sana, maana ulikwenda umejiandaa. Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi anayelia "haifai, haifai", kisha akishaondoka anajisifu. Hiyo ni biashara, kila mtu anaijua. Kinachonichosha mimi ni uongo uliobatizwa. Ule unaovaa suti, unaoanza na "Bwana asifiwe" na kuishia na "Amina", na ukiuuliza swali moja tu unaambiwa una roho ya upinzani.

Chukua hili neno "nitakuombea". Siku hizi limekuwa namna ya kusema kwaheri. Mtu anakueleza mwanawe amelazwa, unachungulia saa, unampigapiga begani, "nitakuombea ndugu yangu", na ukifika mlangoni umeshasahau hata ni mtoto yupi. Mungu hajapata taarifa hiyo kutoka kwako mpaka leo. Na dawa yake ni ya nusu dakika, haihitaji mfungo: omba pale pale, mkiwa mmesimama, kabla hamjaachiana mikono. Ukishindwa, liandike jina na jambo lenyewe kwenye hiyo hiyo simu unayoiperuzi wakati wa mahubiri, weka kengele ilie kesho asubuhi. Baada ya siku tatu nne, rudi umuulize imekuwaje. Hapo kwenye kuuliza ndipo wengi tunapokimbia, kwa sababu ukiuliza unaweza kujibiwa kwamba dawa hazijanunuliwa, na Yakobo 2:16 anakusubiri kwenye kona na yale maneno ya "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba". Yakobo hakuwa na subira na watu wa aina yetu.

Hilo "nitakuombea" lina ndugu wa tumbo moja, anaitwa "hoja ya maombi". "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, mnajua tena mambo ya ndoa yake…" Kikundi kizima kinainua vichwa kwanza ndipo kiinamishe. Jamani, huo ni umbea uliofumba macho. Kipimo ni kimoja: mwenyewe amekuruhusu kusema? Hajakuruhusu? Sema "kuna familia ina uhitaji" na ukome hapo. Mungu anaijua nyumba na chumba. Anayetaka jina ni jirani yako wa kiti cha kushoto. Na ukiliweka kwenye kundi la simu lenye watu 200, usijidanganye kwamba utalifuta. Ulipokuwa ukitafuta kitufe cha kufuta, mmoja ameshalipiga picha na kulisafirisha.

Sasa tuje kwenye kapu.

Uliza habari za sadaka, utajibiwa kwa upole mkubwa: "Sisi hapa tunaaminiana." Mnaaminiana! Mitume walikuwa 12 tu, wamechaguliwa na Yesu mwenyewe baada ya kukesha usiku kucha akiomba, na bado mshika mfuko alikuwa mwizi. Yohana 12:6 haimumunyi maneno. Sembuse mhazini wenu, aliyepatikana kwa kunyoosha mikono mwisho wa kikao, watu wameshaning'iniza mikoba begani.

Kuhesabu sadaka hakuhitaji ufunuo, kunahitaji meza. Wahesabu watu wawili, wakiwa watatu ni bora zaidi, na wasiwe mtu na mkewe wala mtu na shemeji yake. Wahesabu humo humo kanisani, siku ile ile, kabla kapu halijaenda "kupumzishwa" kwenye gari la mzee wa kanisa. Noti zipangwe kwa thamani, iandikwe kwenye fomu ni noti ngapi za aina ipi, na sarafu ni kiasi gani. Wa kwanza akimaliza, wa pili ahesabu upya bila kutajiwa jibu, maana ukimtajia atafika hapo hapo hata kama amesinzia. Bahasha zifunguliwe moja moja na kilichomo kilinganishwe na kilichoandikwa juu. Vikitofautiana, mnaandika kilichomo na bahasha mnaitunza. Wote watie saini kwa kalamu ya wino. Penseli ni ya watoto wa shule ya Jumapili. Nakala ziwe tatu: ya mhazini, ya katibu, na ya tatu iandamane na fedha ndani ya mfuko uliofungwa. Anayepeleka benki asiwe aliyehesabu, na hati ya benki ikirudi ilinganishwe na fomu, tarakimu kwa tarakimu.

Ukimwambia mtu hayo anaona unamwita mwizi. Lakini kapu kwa kawaida haliharibiwi na mwizi, linaharibiwa na mtu mwema mwenye haraka. "Hebu toeni hapo ya mafuta ya jenereta." "Mpeni mgeni nauli, tutaandika baadaye." Hiyo "baadaye" haijawahi kufika kanisa lolote. Fedha imetoka kabla ya kuhesabiwa, basi jumla ya Jumapili ile haitajulikana tena hapa duniani; itabidi tusubiri vitabu vifunguliwe mbinguni. Kanuni ni kwamba yote yaingie benki kwanza, na matumizi yatoke kwa hati ya malipo yenye saini mbili na risiti nyuma yake. Kapu likishazoea kutoa bila karatasi, siku ikizuka minong'ono hakuna wa kumtetea mhazini, hata kama hajagusa kitu. Atasema "Mungu anajua". Kweli anajua, lakini haji kwenye mkutano mkuu wa mwaka kutoa ushahidi.

Paulo alilijua hilo. Soma 2 Wakorintho 8: mchango wa watakatifu ulikuwa mkubwa, akamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, na akasema wazi kwamba anafanya hivyo mtu asije akawalaumu. Huyu ni mtu aliyekuwa tayari kufungwa na kupigwa mawe kwa ajili ya injili, na hakuwa tayari mfuko ubebwe na mtu mmoja.

Halafu kuna mchezo wa mifuko kukopeshana. Watu wametoa mchango wa kuezeka, unageuka spika. Ukiuliza, unaambiwa "kazi ni ile ile ya Bwana". Haya, basi mvua ikinyesha tufungulie spika. Mtu aliyetoa kwa ajili ya bati ametoa kwa ajili ya bati; kama hitaji limebadilika, warudieni waliotoa, waulizeni, waandike wamekubali. Na si jambo jipya. Katika 2 Wafalme 12, mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi mabomoko ya hekalu yalikuwa bado hayajatengenezwa, ingawa makuhani walikuwa wanapokea fedha. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu upande wa kuume. Fedha ikiwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja pamoja, wanahesabu, wanafunga mifukoni. Kasha, tundu, watu wawili. Mtambo huo una zaidi ya miaka 2,700 na bado kuna kamati za ujenzi zinasema ziko kwenye mchakato. Ni kweli mstari wa 15 unasema walioshika fedha za mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu, na kila mhazini mvivu anaujua mstari huo kwa moyo. Wa 10, ule wa watu wawili kuhesabu pamoja, ndio hajaufikia.

Na sadaka za simu, jamani. Namba iwe ya kanisa. Isiwe ya mchungaji, wala ya binti yake kwa sababu "yeye ndiye anayezijua hizi simu". Kutoa fedha humo kuidhinishwe na watu wawili, na taarifa ya mwezi ibandikwe ukutani mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kupanda kiti.

Tukiwa bado kwenye fedha, kuna ahadi za michango. Mtu anasimama mbele ya kipaza sauti, anataja tarakimu inayofanya kinanda kilie chenyewe, anapigiwa vigelegele, anakaa. Miezi sita baadaye mwenye daftari akitokea mlango huu, yeye anatokea ule. Mhubiri 5:5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Taja nusu ya ulichotaka kutaja, andika na tarehe, na ukikwama mfuate wewe mwenye daftari kabla hajakutafuta. Watu wanadhani Anania katika Matendo 5 alianguka kwa sababu alitoa kidogo. Hapana. Petro alimwambia kiwanja kilikuwa chake, na kilipouzwa thamani ilikuwa katika uwezo wake. Kilichomwangusha ni kuleta sehemu na kuiita yote. Angesema "hii ni nusu, nyingine ninaitumia" angekwenda zake nyumbani salama.

"Anamtumikia Bwana" nayo ni shuka pana sana. Chini yake analala mlinzi ambaye hajalipwa, mama wa usafi ambaye hajalipwa, na mpiga kinanda anayekuja kwa miguu. Kama ni kazi ya kujitolea, iandikwe hivyo: ni siku gani, mpaka lini, na nauli nani analipa. Kama ni ajira, iandikwe kazi, saa, malipo na tarehe ya kulipa, kisha hiyo tarehe iheshimiwe kuliko tarehe ya kongamano. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Sisi jua linachwa, linachomoza, linachwa tena, na tunamwambia "taji yako iko mbinguni". Mwenye duka lake naye anapanda kushuhudia jinsi Bwana alivyomfungulia milango, na vijana wake wa dukani wako safu ya nyuma wanahesabu miezi kwa vidole. Kwao "Amina" inatoka nzito kidogo.

Wanakwaya msicheke, na ninyi mna karatasi zenu. Kitabu cha nyimbo kurasa 40, nakala 30, zimechapwa ofisini kwa mtu baada ya bosi kuondoka. Hizo ni karatasi 1,200 zikichapwa upande mmoja, yaani rimu mbili na nusu kasoro kidogo, na wino juu. Kisha mnasimama kuimba habari za mikono safi huku mmeishika mali ya mwajiri. Muulizeni huyo bosi. Pengine atakubali. Akikataa, changeni mkanunue rimu. Sauti ya nne ina watu wanene wa mifuko.

Kuhusu kusameheana nisiseme sana, nitaharibu wiki yangu. Mathayo 18:15-17 ina ngazi tatu: mwendee peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Sisi tunaanzia juu. Kanisa linajua, kwaya inajua, hata waliohamia makanisa mengine wanajua, na mkosaji mwenyewe ndiye wa mwisho, tena anasikia kwenye mahubiri yaliyomlenga bila kumtaja. Nenda mapema, kabla jambo halijaota mizizi. Sema tendo moja na siku lilipotokea, si "wewe ndivyo ulivyo siku zote". Kisha nyamaza umsikilize, maana mara nyingi utakuta hakujua kama amekukanyaga. Na wale wa mlangoni nawaona: mmoja anasema "Bwana asifiwe" akiangalia mwamba wa mlango, mwenzake anajibu "Amina" akiangalia viatu. Mathayo 5:24 inasema acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Tukiifuata Jumapili moja tu, kanisa litabaki na sadaka tupu na watu wote watakuwa barabarani wanatafutana.

Lakini uongo ninaousikia mara nyingi kuliko wote unatoka juu kabisa, madhabahuni. "Matangazo ni machache." Yanakuja 14, la tisa linasomwa mara mbili. Ibada imeandikwa saa tatu, waliofika saa tatu wanapewa viti wapange, na waliochelewa ndio wanaosubiriwa, kwa hiyo wiki ijayo kila mwenye akili anachelewa. Halafu mgeni anakaribishwa "kusalimia tu". Anasema, "Sitawachosha, nina dakika tano." Dakika ya 20 anasema "kwa kumalizia". Dakika ya 35 "neno la mwisho". Dakika ya 40 "na hili la mwisho kabisa". Naye somo lake siku hiyo ni Mathayo 5:37, ndiyo yenu iwe ndiyo! Mpeni mtu saa yenye tarakimu kubwa ukutani mbele yake, mwenye ratiba akae safu ya kwanza, na ainue karatasi zikibaki dakika mbili. Ukitaka dakika 40, omba 40, mkutano ujipange, wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango.

Wakibanwa watakutajia Paulo, kwamba naye alihubiri mpaka usiku wa manane. Sawa, ni Matendo 20. Kijana Eutiko alikuwa amekaa dirishani, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akateremka, akamkumbatia, kijana akawa mzima, kisha Paulo akapanda tena akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Basi mhubiri mwenye uwezo wa kuteremka na kufanya hivyo, tutampa mpaka alfajiri. Huyu wetu apewe zile tano alizoziomba.