Kigia cha Pili

Hebu nisaidieni, jamani. Mtu anatafuta pikapu ya kubebea mbolea, mahindi na, siku mambo yakiharibika, wakwe. Basi. Lakini atamke tu neno pikapu kwenye kijiwe chochote cha Tabora mjini, anadakwa juu kwa juu: "Fowili au tuwili?" Yaani linasukumwa na magurudumu yote manne, au mawili ya nyuma tu? Wanauliza watu saba, na wote saba jibu wanalo mfukoni, akiwemo yule ambaye chombo pekee anachomiliki ni baiskeli isiyo na breki.

"Chukua fowili mzee, bila fowili huku utafika wapi?"

Utafika Nzega, lami. Utafika Urambo, lami. Sikonge nako lami. Na kwenye lami kile kigia cha pili, kijiti cha kuunganisha magurudumu ya mbele, kilichopandisha bei ya gari hakitakiwi hata kuguswa, ila hilo kijiweni halisemwi. Pikapu nyingi za fowili hazina difu ya katikati, ile ya kuziacha mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukiweka H4, yaani magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, propela (mtaimbo wa kupeleka nguvu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Sasa ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na hiyo tofauti haina pa kwenda. Kwenye tope tairi zinateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami hazitelezi ng'o, kwa hiyo vyuma vinabanana humo ndani: usukani mzito, gari linashtukashtuka konani, na ukitaka kurudisha H2, magurudumu mawili tu, kigia kinagoma. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka mpaka kiachie. Lakini wapo mabwana wanaoingia stendi na H4 ili wanaojua wajue. Baadaye utawasikia, eti giaboksi za siku hizi mbovu.

Na hata ukiendesha H2, fowili inakula. Ina difu ya mbele, ekseli zake, propela ya pili na ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu, vyote vikiwa kilo mia moja na ushee. Pale ungeweka gunia la mahindi, unazungusha chuma. Kituo cha mafuta kinalijua hilo. Oili nazo: tuwili ina giaboksi na difu moja, huku una sehemu mbili zaidi za kumwaga na kujaza. Halafu kuna buti nne za raba kwenye ekseli za mbele. Moja ikipasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi inaanza kulia ta-ta-ta kila ukikata kona. Fundi atakwambia hiyo bado inatembea. Inatembea kweli, kuelekea kwenye pochi yako.

Kwa hiyo tuwili ndiyo jibu? Subiri mvua.

Pikapu tupu ya tuwili kwenye tope inatia huruma. Injini iko mbele, uzito uko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma chini ya bodi lisilo na kitu. Na difu ya kawaida nayo ina roho yake: tairi moja ikikosa mshiko, nguvu zote zinakimbilia huko huko kusiko na kazi, ile iliyoshika inabaki inatazama. Utingo anashuka, anainama, anatoa ripoti: "Bosi, inazunguka moja." Asante kwa taarifa.

Lakini tuwili inasaidika. Mifuko minne ya mchanga ya kilo 50, ilale juu ya ekseli ya nyuma. Juu ya ekseli, nasema, siyo mkiani! Ukirundika mkiani, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, unakata kushoto gari linakwenda linakopenda. Kichanga kikizidi, punguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20 hivi na uende polepole, na uwe na pampu ya kurudishia, maana ukipanda lami na upepo huo na mzigo juu, tairi zinachemka mpaka zinapasuka. Tairi moja ikianza kuzunguka bure, vuta handbreki kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu. Ile inayozunguka inabanwa, mwenzake anapata nguvu. Hii inakubali kwenye magari ambayo handbreki inashika magurudumu ya nyuma.

Tuwili iliyonyanyuka, yenye tairi za meno na, ukibahatika, loki ya difu ya nyuma (ya kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja), inapita sehemu nyingi za kichanga kuliko kijiwe kinavyokubali. Na ile hela iliyobaki ndiyo inanunua hizo tairi. Fowili yenye vipara inafanya nini? Inazungusha vipara vinne badala ya viwili.

Mbuga ndipo ubishi wangu unapoishia. Ule udongo mweusi wa Wembere kule Igunga, au mabonde ya mpunga, ukilowa unavimba, unajaa kwenye meno ya tairi, unajaa kwenye madigadi, mwishowe gurudumu halina hata nafasi ya kuzunguka. Kama kazi yako ni kuingia huko Januari hadi Aprili, au kufuata tumbaku kwenye mabani ya kukaushia yaliyo ng'ambo ya bonde, nunua fowili na usimsikilize mtu, hata mimi.

Tena uitumie kabla ya kukwama! Mtu ana fowili, anaingia tope na H2 ili "aokoe mafuta", anazama mpaka ekseli, ndipo anakumbuka kuna kigia. L4, yaani magurudumu manne kwa gia nzito ya polepole, inataka gari lisimame, klachi chini, gia huru, ndipo uivute. Yale ya zamani yenye loki kwenye magurudumu ya mbele yanataka ushuke uzizungushe kwa mkono, kulia na kushoto. Ukiwa pakavu ni nusu dakika. Ukishazama unaitafuta loki kwa kupapasa, chini ya tope, na shati la kanisani. Na kama difu zako hazina loki, jua kwamba tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikikosa mshiko, fowili yote hiyo imesimama. Hapo utapatana na mwenye ng'ombe wa plau, naye akiona maandishi ya 4x4 ubavuni bei inapanda. Funga kamba kwenye ndoano ya chasisi, ukifunga kwenye bampa litaondoka peke yake.

Kigoma ni kesi nyingine. Kule Kalinzi na Buhigwe tatizo ni mteremko. Udongo mwekundu ukilowa, tuwili ukiiachia injini ishike, inashika nyuma tu, na mkia unataka kutangulia. Fowili weka L4, gia ya pili, mguu mbali na breki. L4 inapunguza mwendo kwa takriban mara mbili na nusu, injini inashika magurudumu yote manne, unateremka na akili zako. Lakini breki za kawaida za fowili ni zile zile kama za tuwili, kwa hiyo wanaokimbia kwenye utelezi kwa sababu "hili ni fowili" waacheni, mtaro utawapokea.

Sasa umeamua fowili, umekwenda kwa dalali. Usisome stika ya mlangoni, stika inauzwa. Kuna tuwili zilizonyanyuliwa kiwandani ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha. Lala chini. Difu ya mbele ipo? Propela ya mbele ipo, au ilishatolewa gari likaendelea kuitwa fowili? Fungua nati ya oili kwenye difu ya mbele: ikitoka rangi ya chai ya maziwa, humo mna maji. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi hunyonya ndani, na kama ile pumzi yake, kitundu cha kupitishia hewa, imeziba inanyonya kupitia oili sili. Kisha uliza difu ya nyuma iliwahi kubadilishwa. Fundi akifunga ya 3.9 nyuma (propela izunguke mara 3.9 gurudumu lizunguke mara moja) na mbele ikabaki 4.1, gari linatembea raha mustarehe H2 mwaka mzima, siku ya kuweka H4 linaanza kupigana lenyewe.

Mwisho likanyagishe mchanga, weka H4, mtu asimame pembeni aone magurudumu ya mbele yanachimba. Dalali atasema hapa karibu hakuna mchanga. Tabora! Hakuna mchanga!

Na tairi ya akiba mwambie aishushe, usome namba. Nne ziko 265/65, ya tano kachomeka ya pikapu nyingine kabisa. Ukiifunga hiyo, haizunguki sawa na wenzake, kigia cha pili usikiguse mpaka uzibe pancha.