Ujazo wa ardhioevu za msimu: setilaiti inaonewa

Kwenye ardhioevu za msimu, yaani nchi tambarare inayofurika kisha kukauka, wataalamu wengi wa maji huiamini setilaiti nusu nusu. Ikiwaonyesha bonde limefurika kwa upana gani, wanakubali. Ikitaja ujazo wa maji, wanauliza kina kimepimwa na nani. Swali ni la haki. Ujazo ni eneo mara kina, na picha inayopigwa kutoka angani haizami majini.

Wenye shaka hupenda kutaja sentimita 10. Hicho ndicho kiwango cha usahihi ambacho SWOT, setilaiti iliyorushwa Desemba 2022 kupima kimo cha uso wa maji, ilitakiwa kufikia kwa wastani wa eneo la kilomita moja ya mraba. Kwenye ziwa la kina cha mita 30, sentimita 10 si kitu. Lakini chukua ardhioevu ya kilomita za mraba 500 yenye kina cha wastani wa sentimita 60: ina maji mita za ujazo milioni 300, na kosa la sentimita 10 linameza milioni 50, sehemu moja ya sita. Ukiisikia hesabu hiyo mara ya kwanza, unadhani kesi imekwisha.

Haijaisha. Sehemu ya kosa hilo ni ya kubahatisha, mara juu mara chini, nayo hupungua kadiri unavyotafuta wastani wa eneo kubwa zaidi. Na anayetaka kujua maji yameongezeka kiasi gani tangu mwezi uliopita hutoa kipimo kimoja kwenye kingine. Kosa linalojirudia vilevile mara zote mbili linajifuta.

Zaidi ya hayo kuna ubapa wenyewe wa ardhi. Pale inapoinuka mita 1 kwa kila kilomita 10, maji yakipanda sentimita 10 ukingo wake unasogea kilomita nzima. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti ya Sentinel-2 ina upana wa mita 10, kwa hiyo ukingo umeruka pikseli 100. Ubapa uleule unaofanya kina kisumbue ndio unaofanya ukingo uwe kipimo makini, na kuona ukingo ni kazi ambayo hata wenye shaka wanakiri setilaiti inaiweza.

Tena ardhioevu ya msimu hufanya kitu ambacho ziwa halifanyi: hukauka. Ikikauka, sakafu yake iko wazi kwa leza ya setilaiti ya ICESat-2, inayopima miinuko tangu 2018. Ukishakuwa na ramani ya sakafu, kila ukingo unaouona msimu ujao unakupa ujazo. (Ila wengi bado hutumia ramani ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa siku 11 tu za Februari 2000. Palipokuwa na mafuriko siku hizo, kinachoitwa sakafu ni uso wa maji, na ujazo unaokokotolewa juu yake unapunjwa.)

Nguzo ya kupimia kina, inayofanywa hakimu wa mabishano haya, husema kweli ya pale iliposimama. Maji yakipungua na kujitenga katika madimbwi, nguzo iliyo kwenye mkondo mkuu haina habari nayo.

Mawingu yanayoziba picha nayataja kwa kupita: rada huyapenya, na penginepo, kama delta ya Okavango huko Botswana, mafuriko hutokana na mvua za Angola na kufika wakati anga la delta limekauka. Hoja ambayo sina jibu lake kamili ni mimea. Chini ya mafunjo yaliyosongamana hakuna ukingo wa kuonekana. Picha ya kawaida inaona kijani tu. Mawimbi ya setilaiti ya rada ya Sentinel-1, ya sentimita 5 na ushee, mara nyingi huishia majanini. NISAR, setilaiti nyingine ya rada iliyorushwa Julai 2025, ina mawimbi ya sentimita 24 yanayopenya zaidi, yakagonga maji na mashina na kurudi kwa nguvu. Ukilinganisha picha zake mbili unaweza kupata kimo cha maji kimebadilika kiasi gani, si kina chenyewe. Na mafunjo yanayoelea huinuka pamoja na maji, yakificha sakafu hata wakati wa kiangazi, kisipokuwa kikali.

Kwa hiyo fedha za nguzo ningezipeleka mafunjoni. Kwenye mbuga wazi, tungetumia ukingo.